Je, niache kabini nikasome kuandika programu?

Swali: Jambo, yaya. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nina diploma ya Leta ya komersiale, lakini chuoni sikufika kwa sababu ya pesa. Sasa ni miaka 3 naendesha kabini: nauza inite za kupigia simu, naweka na kutoa pesa za watu kwenye simu. Nasikia kuandika programu za kompyuta kunalipa. Mjomba amekubali kunilipia mafunzo ya miezi 3 katika kituo kimoja kinachoahidi kazi ya uhakika mwishoni. Lakini sina kompyuta, nina simu ya Android tu. Hesabu za shule zilinishinda, na mama anasema hiyo ni kazi ya wanaume. Tena rafiki yangu ananiambia nimechelewa, eti sasa akili bandia inaandika programu yenyewe. Nifunge kabini nikasome, au niache?

Jibu: Mdogo wangu, jambo sana. Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeandika mengi juu ya vitu unavyokosa, halafu kabini ukaipita haraka kana kwamba ni aibu. Mimi nimekwama hapohapo kwenye kabini, na sehemu kubwa ya jibu langu itatoka humo.

Kwa ufupi: jifunze, ndiyo. Kabini usiifunge. Na pesa za mjomba zisiende kwenye kile kituo, angalau kwa sasa.

Nikueleze kwanza kazi yenyewe ni nini, maana wengi wanaikimbilia bila kuijua. Kuandika programu ni kueleza kazi kwa kitu kisichojua kukisia. Mteja akikuambia "nitolee hamsini", wewe unamwangalia tu unajua kama ni elfu hamsini za franka au dola 50. Unajua namba yake ni ya mtandao gani, unajua kama sanduku lina pesa za kutosha, na ukiona uso mgeni unaomba kitambulisho. Mashine haijui hata kimoja kati ya hivyo. Lazima uieleze yote kwa mpangilio, pamoja na yale yanayotokea mara moja kwa mwezi: mtandao umekatika katikati, mteja amekosea namba, noti ya dola imechanika kidogo pembeni na hakuna anayeitaka. Anayezijua ajali hizo za kazi ana nusu ya programu kichwani. Lugha ya kompyuta ni nusu nyingine, na hiyo ndiyo rahisi zaidi kufundishika.

Angalia unavyofunga jioni. Unahesabu pesa taslimu kwenye sanduku, pesa iliyo ndani ya simu, na madeni ya watu. Mteja akitoa pesa, taslimu inapungua na pesa ya simu inaongezeka kwa kiasi kilekile. Akiweka, ni kinyume chake. Kwa hiyo jumla ya vyote vitatu haitakiwi kuhama, isipokuwa kwa komisheni iliyoingia na pesa uliyochukua kununua unga wa bukari. Ikihama kwa sababu nyingine, kuna kosa mahali, na wewe hulali hadi ulipate. Je, unajua kwamba programu za benki zinajengwa juu ya kanuni ya namna hiyohiyo? Kila pesa inayotoka mahali lazima ionekane mahali pengine, na kompyuta inakataa kumaliza kazi kama pande mbili hazilingani. Wewe unaisimamia kanuni hiyo kwa kalamu kila siku ya Mungu.

Tuiandike sasa kama programu:

taslimu = 120000
simu = 80000
madeni = 15000
jumla_jana = 210000
komisheni = 9000
matumizi = 4000
leo = taslimu + simu + madeni
inayotakiwa = jumla_jana + komisheni - matumizi
print(leo - inayotakiwa)

Hiyo ni Python, lugha iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Neno moja tu hapo ni la lugha yenyewe, print, na kazi yake ni kuonyesha kitu kwenye skrini. Majina mengine yote nimeyachagua mimi kwa Kiswahili na mashine imeyakubali bila neno. Ukiiendesha itakujibu 0, maana yake siku imefungwa sawa. Ikijibu -5000, elfu tano imepotea na unarudi kwenye daftari. Badilisha namba ziwe zako za jana, uone.

Unasema hesabu zilikushinda. Nataka kujua zipi. Kama ni zile za pembetatu na logarithi, mimi katika kazi yangu ya programu za biashara sijaziona kwa miaka. Ninachotumia ni kujumlisha, kutoa, asilimia, na kufikiri kwa "kama hivi, basi vile". Wewe unapiga komisheni kichwani huku foleni inakusukuma. Wapo wanaohitaji hesabu nzito, kama watengenezaji wa michezo ya kompyuta au wajenzi wa hiyo akili bandia yenyewe, lakini mlango wa kuingilia si huo.

Kuna jambo moja la hesabu, hata hivyo, ambalo lazima nikuonyeshe kwa sababu linahusu dola na senti zake. Andika kwenye Python print(0.1 + 0.2). Utategemea 0.3. Itakujibu 0.30000000000000004. Haijaharibika. Kompyuta inahesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namna hiyo, kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi tukiandika 0.333. Kosa ni dogo kuliko punje, lakini ukijumlisha maelfu ya miamala na ukalinganisha jioni, pande mbili zinaweza kukataa kulingana. Dawa yake ni ya zamani: hifadhi pesa kama senti nzima. Dola 12 na senti 50 iwe 1250. Ni mtu aliyewahi kukesha akitafuta franka 100 ndiye anayeelewa mara moja kwa nini jambo hili lina uzito.

Somo lililoniuma zaidi nalo lilikuwa la dola na franka. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa programu ya mauzo ya famasi moja hapa mjini. Bei za dawa ziliwekwa kwa dola, wateja wakalipa kwa franka, kama tunavyoishi sote. Nikaandika kima cha kubadilisha pesa mahali pamoja tu, ili mwenye famasi akibadilishe kila asubuhi kwa urahisi. Nilidhani nimefanya vizuri. Mwezi wa pili kima kikapanda, akakibadilisha, na papo hapo ripoti zote za mwezi uliopita zikabadilika nazo, kwa sababu programu ilikuwa ikizipiga upya kwa kima cha leo. Kwenye karatasi ilionekana kama franka nyingi hazikufika sandukuni. Mama aliyekuwa akishika sanduku alitazamwa kama mwizi. Tulikaa naye siku 2 na lundo la risiti hadi jina lake likasafika, na uso wake wa siku hizo sijausahau. Tangu hapo, kila mauzo ninayahifadhi pamoja na kima cha saa ileile, na hakiguswi tena milele.

Sasa nikuulize wewe: kwenye daftari lako, ukipokea dola, si unaandika kima cha siku hiyo pembeni? Ungekuwa karibu yangu wakati ule ungenikamata kabla sijamuumiza mtu. Hii ndiyo sababu nakuambia usiifunge kabini. Inakupa chakula, na pia inakupa maswali ya kweli, ambayo kituo chochote cha mafunzo kingeyakosa.

Nchi yetu imejaa mambo ya namna hii ambayo programu iliyoandikwa mbali haiyafikirii. Chukua saa. Kinshasa ikiwa saa nne asubuhi, hapa kwetu ni saa tano. Kompyuta za dunia nzima zina orodha ya majira ya saa, na ndani ya orodha hiyo kuna jina Africa/Lubumbashi na jina Africa/Kinshasa, kila moja peke yake. Kampuni yenye ofisi miji yote miwili ikilisahau hilo, mzigo unaweza kuonekana umepokelewa kabla haujatumwa. Siku utakapolipata jina la mji wetu ndani ya orodha ile, nadhani utafurahi kama nilivyofurahi mimi.

Tuje kwenye vifaa. Kwa miezi 3 ya kwanza simu inatosha. Kuna programu iitwayo Pydroid 3 inayoendesha Python ndani ya Android, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo megabaiti zako hazitaisha. Kuandika kwa kidole kunachosha, ni kweli. Kibodi ya waya ikiunganishwa kwa kiunganishi kidogo kinachoingia kwenye tundu la chaji itakuokoa, kama simu yako inakubali. Kwa masomo, mwongozo rasmi wa Python upo kwa Kifaransa na ni bure, na OpenClassrooms ina kozi za Kifaransa. Chagua kimoja, ukimalize. Wengi nimewaona wakipoteza mwaka mzima wakibishana kama Python ni bora kuliko lugha nyingine kama PHP au JavaScript. Mchagua jembe si mkulima.

Kitu cha pili baada ya Python kiwe SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, yaani mahali kompyuta inapotunza rekodi kwa mpangilio. Ilizaliwa IBM miaka ya 1970 na hadi leo ndiyo inayotumika, na kwa mji kama wetu, wenye maghala, wasafirishaji na makampuni yanayohudumia migodi, nadhani inalipa mapema kuliko nyingine yoyote. Ofisi inaweza kuwa na rekodi za miaka 5 na asiwepo mtu wa kuiuliza kompyuta, "Ni wateja gani hawajalipa tangu Juni?" Tena hifadhidata ya kujifunzia unayo tayari. Inaitwa SQLite, na simu za Android zinaitumia ndani kwa ndani kuhifadhi majina na ujumbe wako.

Mashine itakukatalia mara nyingi, na itakukatalia kwa Kiingereza. Hapo ndipo watu wanapoachia. Ukiandika taslim badala ya taslimu, itakuambia NameError: name 'taslim' is not defined. Maana yake: hilo jina taslim hujaniambia ni nini. Soma mstari wa mwisho kwanza, tafuta namba ya mstari iliyotajwa juu yake, nenda ukaangalie. Maneno yanayorudiarudia si mengi. Yaandike kwenye daftari na maana yake kwa Kiswahili, na baada ya wiki kadhaa utayasoma kama unavyosoma ujumbe wa mtandao wa simu. Mimi nikitaka kujua kama mtu ataifanya kazi hii, sitazami diploma yake. Natazama uso wake mashine inapomkatalia mara ya nne. Akisogea karibu na skrini badala ya kurudi nyuma, huyo ataweza.

Kuhusu kituo na mjomba. Mwenyewe sijawahi kuona miezi 3 ikimtoa mtu kutoka sifuri hadi kazi ya uhakika, na anayeahidi kazi ambayo si yeye atakayeitoa anauza kitu ambacho hana. Usimkatalie mjomba kwa ukali, amekuonyesha upendo. Nenda naye kituoni mkaulize pamoja: tuonyesheni programu moja iliyoandikwa na mwanafunzi wenu na inayotumika leo na duka au shule. Nani atausoma msimbo wangu, yaani mistari ya programu niliyoandika, na kuniambia nilipokosea? Kila mwanafunzi ana mashine yake, au mnakaa watatu kwa moja? Wakijibu kwa vitu vya kuonekana, nimekosea juu yao na uende. Wakijibu kwa maneno matamu na picha za cheti, mwombe mjomba aitunze hiyo pesa miezi 3, kisha akununulie kompyuta ya mkononi iliyotumika. Utakapokwenda kuinunua, angalia memori isiwe chini ya GB 8, diski iwe ya SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, na betri ujaribu mwenyewe hapohapo dukani kwa nusu saa bila waya. Umeme ukikatika saa mbili usiku, betri hiyo ndiyo darasa lako.

Kama siku moja pesa ya chuo itapatikana, sitakuzuia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) wanafundisha informatika, chuo cha ESIS Salama pia, na lisansi ya mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) ni miaka 3. Kwa kampuni kubwa karatasi hiyo bado inafungua mlango. Lakini usikae ukiisubiri.

Mama yako mheshimu, na siku ya utulivu msimulie mambo mawili. Mwaka 1952 Mmarekani Grace Hopper alitengeneza moja ya programu za mwanzo kabisa za kutafsiri maagizo ya binadamu kuwa lugha ya mashine, na kila lugha tunayotumia leo inatembea kwenye njia hiyo. Na zile roboti kubwa zilizoanza kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013, zilitoka mikononi mwa mhandisi wa Kikongo, Thérèse Izay Kirongozi. Ni mwanamke. Miaka 24 si kuchelewa, hilo sitalipotezea muda.

Akili bandia, sasa. Rafiki yako hajadanganya. Tangu ChatGPT, msaidizi wa akili bandia, itoke Novemba 2022, mimi mwenyewe naitumia karibu kila siku, na kazi fulani zilizokuwa zikinichukua asubuhi nzima zinaisha kwa dakika chache. Kazi ya kijana anayelipwa kunakili msimbo bila kuuelewa inakwenda, na sitakuficha. Lakini mwombe huyo msaidizi akuandikie programu ya kabini. Ataandika haraka, itaonekana safi, na kuna uwezekano mkubwa atahifadhi dola kwa nukta, kama 12.50, au atafanya kosa langu lilelile la kima cha famasi, kwa sababu hukumwambia. Nani atagundua? Ni yule anayejua kwamba jioni jumla lazima ilingane. Kwa miezi 3 ya kwanza mtumie kama mwalimu: mbandikie kosa umuulize maana yake, mwambie akueleze kwa Kifaransa au Kiswahili. Usimwache akuandikie. Mikono yako lazima ikosee yenyewe kwanza.

Na kazi ziko wapi? Nikuambie bila kupamba: matangazo yenye neno "mwandishi wa programu" hapa Lubumbashi ni machache, na wanaoyaomba ni wengi. Pesa ya kwanza huja kwa njia ya pembeni. Mtu anajulikana ghalani au kwa wakala wa forodha wa Kasumbalesa kwamba anaijua Excel vizuri kuliko wote, kisha anaombwa ripoti, kisha programu ndogo, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka aliingia akiwa nani. Kwa hiyo Excel usiidharau, ile diploma yako ya komersiale inakaa nayo vizuri. Shule zinazoandika minerval, yaani karo, kwenye makaratasi, kliniki zinazotafuta faili la mgonjwa kwa saa nzima, makanisa, wenye malori: hao ndio wateja wa mwanzo. Kazi za mbali kwa kampuni za nje zipo, lakini zinataka Kiingereza na uzoefu wa kuonyesha. Na yeyote atakayekuomba utume pesa kwanza ili akupe kazi ya mtandaoni, mfungie mlango hapohapo. Kwa mtu anayesoma saa moja kila jioni kama utakavyosoma wewe, mimi nahesabu mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kuanza kulipwa kwa kawaida. Akikuambia mtu ni haraka zaidi, mwulize anauza nini.

Mwezi wa kwanza basi, baada ya kufunga, andika ile mistari 9 na uiongeze kidogo kila siku: franka peke yake, dola peke yake, kila moja na jumla yake. Mwezi wa pili hifadhi siku zote ndani ya SQLite, ili uweze kuuliza ni siku gani ya juma watu hutoa pesa nyingi. Nadhani jibu unalijua tayari, na itakuwa vizuri kuona kama mashine inakubaliana nawe. Mwezi wa tatu mpe mwenye kabini mwingine aijaribu. Kaa pembeni, funga mdomo, tazama anapokwama. Utaumia, maana atabonyeza vitu ambavyo hukufikiria. Andika kila mahali alipokwama, rudi nyumbani urekebishe.

Jambo moja nakuomba kwa nguvu. Namba za simu za wateja wako na pesa zao ni siri waliyokukabidhi. Unapojifunza tumia namba za kubuni, na usiziingize za kweli kwenye programu unayoonyesha watu wala kwenye mazungumzo na akili bandia. Namba za siri usiziandike popote kabisa.

Wiki ya kwanza ikiisha, nitumie picha ya mistari uliyoandika na ukurasa mmoja wa daftari la jioni, majina na namba za watu ukiwa umezifunika. Kama mashine imekujibu kitu kingine badala ya 0, usisahihishe kwanza. Nitumie hivyohivyo, tutafute pamoja.